Kuhusu Makala ya Meksiko Iliyomtoa Mke Wangu Jikoni

Fulgensi Remigius,
Mashine ya Kukoboa Mpunga,
Ifakara.
Ijumaa.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KUKANUSHA MAKALA YA "WAPI PA KULA NA KUNYWA KATIKA MJI WA PWANI WA MEKSIKO"

Natumaini barua hii inakukuta umeshiba, na kwamba umeshibia nyumbani kwako.

Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi. Gazeti lako la Jumapili hulinunua baada ya misa, nikalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi michezo, kisha nikampa mke wangu Brigita, ambaye hulitumia kuwashia moto. Utaratibu huo haujawahi kumdhuru mtu. Sijawahi kukulalamikia, hata siku ile mlipotangaza kifo cha mtu ambaye alikuja mwenyewe kukoboa mpunga wake Jumanne.

Lakini mwezi uliopita, kabla ya kuwasha moto, Brigita alisoma ukurasa wa mwisho. Humo mwandishi wenu anaeleza, tena kwa utulivu kabisa, kwamba huko Meksiko kuna mji kando ya bahari ambako watu wazima, wenye ndoa zao na majiko yao, hutoka jioni wakaenda kukaa mchangani. Huletewa samaki wa kuchoma. Huletewa vichapati vya mahindi vilivyokunjwa, ndani mna samaki, kabichi na pilipili. Hunywa kinywaji cha mmea ulio ndugu wa mkonge, katika glasi iliyopakwa chumvi mdomoni. Halafu anaandika: "Usiwe na haraka. Kaa, agiza, utaletewa." Brigita aliisoma sentensi hiyo mara mbili, na maharage yakaungua. Nyumbani kwetu maharage yalikuwa hayajawahi kuungua.

Kwa heshima na taadhima nayaweka malalamiko yangu kwa namba, ili usiseme hukuyaona.

1. Mwandishi wenu hakuchagua nchi ya mbali vya kutosha. Angeandika kuhusu watu wanaokula dubu juu ya barafu, ningelala usingizi wangu. Kumbe Meksiko wanakula mahindi! Wana samaki, wana ndimu, wana pilipili. Hata mkonge, ambao sisi wa mkoa wa Morogoro tunaujua kwa kamba na magunia, wenzetu wanaukamua wakanywa. Nilipekua makala yote nikitafuta kitu ambacho bonde letu la Kilombero halina, nikaambulia bahari peke yake. Brigita akasema mto unatosha.

2. Jumamosi iliyofuata aliniambia tutoke tukale. Nikamuuliza nani amefariki. Akasema hajafariki mtu, wala hakuna harusi wala ubatizo, tunatoka wawili tu, tunakwenda Kivukoni kwa Mama Oliva, yule mama ntilie mwenye mabenchi yake karibu na mto.

Hapa nikueleze jambo, Mhariri, maana huenda huko mjini mmelisahau. Kwetu wanaokula kwa mama ntilie wanajulikana. Ni madereva wa malori, vijana wasiooa, vibarua wanaopita kwenda Mngeta, na mwanaume ambaye mkewe amerudi kwao. Hayo ndiyo makundi, na kila mtu akikuona pale anakuweka katika moja. Sasa mimi nimekaa pale na mke wangu mwenyewe ubavuni. Watu walikosa pa kuniweka, na mtu akikosa pa kukuweka anakutengenezea pake. Mashimba, mnunuzi wa mpunga anayeleta magunia mashineni kwangu, alitupita, akarudi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema, "Pole sana, mzee." Nilipomuuliza pole ya nini, akasema, "Basi, tuyaache."

Hakuyaacha. Jumatatu asubuhi kila aliyekuja kukoboa alinisalimia kwa sauti ya wodini.

3. Makala inashauri mlaji avue viatu na kuloweka miguu majini huku akisubiri chakula. Mto wetu una mamba, Mhariri, nao pia wanatafuta pa kula. Ilibidi nimsihi Brigita mbele ya watu arudishe miguu. Waliokuwa mbali hawakusikia habari ya mamba. Waliona tu mwanamke mtu mzima anaelekea mtoni, na mumewe anamvuta kwa mkono akimwomba asifanye hivyo.

4. Hii ndiyo iliyonichoma. Mimi ni mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya kanisa hapa mtaani. Kazi yangu kubwa, ukiacha sala na michango, ni kupatanisha wanandoa, na ninaiweza, maana nimewapatanisha hata watu ambao hawakuwa wamegombana. Jumatano jioni Jumuiya nzima iliingia uani kwangu, ikiongozwa na makamu wangu, Gasper, ambaye amekisubiri kiti changu kwa uvumilivu wa kikristo. Wakatukalisha mimi kushoto na Brigita kulia, kama ninavyowakalisha wengine. Gasper akasoma somo lile lile ninalolisomaga mimi, akauliza maswali yangu mwenyewe, kwa mpangilio wangu mwenyewe, na kwenye swali la tatu akakohoa kidogo pale pale ninapokohoaga. Brigita alishindwa kujizuia, akacheka. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikasikia, kwamba mwanamke akifika hatua ya kucheka ujue amekwisha kata tamaa.

Walipoondoka walituachia mchele. Mimi, mwenye mashine, nimeletewa mchele wa msaada! Na niliutambua. Niliukoboa mwenyewe Jumatatu.

5. Kuhusu vinywaji. Jumamosi ya pili Brigita alimweleza Mama Oliva habari ya glasi yenye chumvi. Mama Oliva ni mtu wa biashara, hakubisha. Akachukua glasi, akaipaka ndimu mdomoni, akaichovya kwenye chumvi, akajaza togwa. Nilikunywa kwa sababu nilishaletewa. Mzee Raimundi, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alinikuta nikilamba chumvi kwenye ukingo wa glasi, akanitazama mpaka nikamaliza, akaenda kuwaambia watu kwamba sasa mambo yanaeleweka: Fulgensi anaumwa, hiyo ni dawa, na mkewe amechoka kuuguza. Tangu siku hiyo naulizwa vipimo vinasemaje.

6. Kuhusu muziki. Mwandishi wenu anasifu waimbaji wanaopita meza kwa meza. Bahati mbaya kwaya ya vijana hufanya mazoezi kule kando ya mto siku hizi, kwa sababu paa la ukumbi wa kanisa linaezekwa. Brigita akawaita waje watuimbie mezani. Ni vijana wenye adabu, wakaja, wakajipanga. Wimbo pekee waliokuwa wameushika wote, sauti zote nne, ulikuwa wa mazishi.

Waliuimba vizuri, siwezi kusema uongo. Uliposikika barabarani, wanawake walianza kufika wamejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kusaidia. Mwanaume mmoja nisiyemfahamu alivua kofia akaniuliza maziko ni lini. Nikamwambia tunakula tu. Akatikisa kichwa akasema ndiyo, jikaze, ni lazima ule.

7. Na sasa, Mhariri, tumefika mahali ambapo sicheki. Habari zimevuka daraja zikapanda mpaka Mahenge, kwa wakwe zangu. Njiani zimeongezeka uzito. Baba mkwe wangu, Mzee Polikarpo, amepelekewa taarifa kwamba binti yake hana jiko, anashinda njaa, anakula kwa mama ntilie kama kibarua, amejaribu kujitupa mtoni, na mumewe yuko katika hali ambayo kwaya imekwisha anza. Ametuma ujumbe mfupi. Kesho Jumamosi anakuja na mama mkwe, Mama Apolonia, kumchukua mtoto wao.

Nilimwambia Brigita awapigie simu awaeleze ukweli. Akasema atawaeleza wakifika. Nikamuuliza atawaeleza nini. Akasema, "Utasikia." Naogopa, Mhariri. Nimeishi na Brigita tangu mashine yangu ikiwa ya kusukuma kwa mkono, na sijui kesho atasema nini. Nyumba bila yeye nimejaribu kuiwaza mara moja tu, wiki hii, nikaacha haraka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo si makubwa:

(a) Uchapishe kanusho ukurasa wa kwanza kwamba mji ule hauna mahali pa kula. Useme uchunguzi umebaini wakazi wake wote wanapika nyumbani, na wale wa mchangani walikuwa msibani.

(b) Unipe barua yenye muhuri, isomwe kanisani kwenye matangazo, ithibitishe kuwa mwanaume kula nje na mkewe si ugonjwa, si talaka, wala si kifo. Ukishindwa yote matatu, anza na kifo.

(c) Mwandishi wa makala aletwe Ifakara, akae kati yangu na baba mkwe wakati wa kikao. Nauli ajitegemee, atalala kwetu, na chakula atapikiwa.

(d) Kuanzia sasa, kila makala ya mapishi ya nje ipitishwe kwanza kwa wanaume watatu wenye ndoa, waliosimama imara, waione kama ni salama. Mimi nipo tayari kujitolea, kama bado nitakuwa na sifa.

Sina kinyongo na watu wa Meksiko. Wamekula vyao kwao, aliyepeleka umbea ni gazeti. Wasalimie mafundi mitambo wako, msalimie anayepanga kurasa, msalimie na mwandishi wa makala ile pamoja na mkewe, kama bado anampikia. Huku wote wanawasalimu isipokuwa Gasper, ambaye yuko kwenye maandalizi ya kukalia kiti changu.

Ni mimi msomaji wako mwaminifu, niliye mume wa mtu hadi kesho mchana,

Fulgensi Remigius

N.B. Leo ni Jumamosi, jioni. Nilichelewa kuiposti barua, kwa hiyo naongeza.

Wakwe zangu walifika. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia kama watu wanaolipa deni. Baba mkwe hakutaka maji. Alimwita Brigita akae mbele yake, akamwambia, "Mwanangu, sema. Huyu anakunyima nini?"

Brigita akasema, "Baba, haninyimi kitu. Mume wangu ni mtu mzuri. Lakini tangu niolewe sijawahi kukaa chini, mtu akaniletea sahani. Nikiwa mzazi nilipika. Nikiumwa nilipika. Hata jubilei yetu ya ndoa niliipika mimi. Nilisoma kwamba kuna mahali watu wanaletewa, nikatamani. Basi."

Nilikuwa na majibu yangu tayari, nimeyapanga tangu Jumatano. Hakuna hata moja lililohusu sahani.

Baba mkwe alifungua mdomo. Kabla hajasema, mama mkwe, ambaye tangu aingie alikuwa hajatoa neno, akasema taratibu, "Hata mimi."

Kisha Mama Apolonia akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akauliza huko Kivukoni ni mbali.

Tulikwenda wote wanne. Kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatuli meza moja, kwa hiyo nilikaa benchi la pili nimewapa mgongo, na ninayokuandikia niliyasikia tu. Perege aliletwa, mkubwa, wa kuchoma. Nikamsikia baba mkwe, mzee ambaye ana wajukuu wanaofunga ndoa, akiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia katika mji wa ugeni: "Mama Brigita, wewe unapenda kichwa, au unapenda hapa katikati?"

Mama mkwe akasema, "Sijui. Nimezoea kinachobaki."

Mhariri, machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Naomba basi ile barua ya juu usiichapishe. Ukiwa na sehemu ya pili ya makala, inayoeleza watu wa mji ule wanakula wapi asubuhi, itume haraka, maana wageni wangu wameahirisha safari ya Mahenge na hakuna aliyewasha jiko. Gasper nitampigia simu mwenyewe, nimwambie kiti bado kina mwenyewe.

Nami niligeuka pale kwenye benchi nikamuuliza Brigita yeye anapenda sehemu gani ya samaki, kwa sababu nilitafuta kichwani nikakuta sijui. Akasema na yeye hajui bado, na kwamba itabidi tuje tena kesho, ajaribu mkia.