Kampeni Yangu Dhidi ya Frimasoni wa Spånga

Jumapili, 2 Februari

Mzee Aloysius ametangaza. Anarudi Uganda moja kwa moja, na kiti cha mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya Waswahili kiko wazi. Uchaguzi ni Jumapili ijayo! Kiti hiki nimekingoja tangu tuanze kuabudu hapa Spånga, Stockholm. Nimepanga viti. Nimefagia. Nimeimba besi hata nikiwa na mafua. Mwenyekiti hukaa mbele, hushika funguo za ukumbi, na mkewe huitwa Mama Mwenyekiti. Bridget wangu atapendeza na jina hilo, ingawa amesema yeye hakuliomba.

Kisha Pasta Sixte akauliza nani anapendekezwa, na watu wote wakageuka kumtazama Mwaura. Mwaura! Mtu aliyekuja juzi tu, asiyejua hata vikombe vinawekwa kabati gani. Kazi yake ni kutabasamu na kuwabebea akina mama mizigo. Nilikohoa, nikakohoa tena, mpaka Pasta akaniandika na mimi.

Mzee Torsten alikuwepo kama kawaida. Huyu ni mchungaji mstaafu wa Kiswidi, ndiye aliyetuombea ukumbi kwa kanisa la Waswidi tukapewa bure. Hukaa nyuma, haelewi neno la Kiswahili, lakini hupiga makofi panapofaa. Kidoleni ana pete yenye msalaba mwekundu. Huyo ndiye Mkristo! Nikishinda nitamkalisha mbele, kando yangu.

Jumanne, 4 Februari

Mungu hajanisahau. Mama Damalie, Mganda anayejua habari za kila nyumba kuanzia Vällingby hadi Skärholmen, amenipigia simu nikiwa kazini namenya viazi vya shule nzima. Alhamisi iliyopita alimwona Mwaura kwenye treni ya chini ya ardhi. Suti nyeusi tititi. Glavu nyeupe. Boksi la kofia mkononi. Akashuka kituo cha Kungsträdgården. Nikauliza huko kuna nini. Akasema shemeji yake hufanya usafi maeneo hayo, naye alimwambia kwamba hapo karibu, Blasieholmen, kuna jumba la Frimasoni.

Frimasoni! Kisu kilinidondoka kwenye ndoo ya viazi. Sasa kila kitu kimeeleweka. Ile Volvo. Kile kibali cha ukaazi alichokipata upesi. Yale meno.

Bridget anasema Volvo yenyewe ni kuukuu na mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Nikamwambia hiyo kamba ndiyo ya kupoteza watu maboya. Akaenda kulala.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto. Nimemwona!

Nilimdanganya mkuu wa jiko kwamba jino linaniuma, nikatoka mapema, nikajibanza nyuma ya baiskeli mkabala na lile jumba. Baridi ya kuvunja mifupa. Nilitarajia moshi, kelele za ajabu, harufu ya kitu kinachoungua. Wakaja vizee. Vizee vya Kiswidi ndani ya makoti meusi, vinapeana mikono, vinaulizana hali ya magoti. Ujanja ulioje!

Kisha akatokea Mwaura. Suti, glavu, boksi. Amemshika mkono mzee mmoja aliyejifunika skafu hadi puani, anamvusha barafu polepole. Bila shaka huyo ndiye mkuu wao. Nikatoa simu nipige picha, vidole vikagoma, simu ikazama kwenye theluji.

Nikiwa nafukua, kizee kimoja kikanisogelea. Kikaniuliza kwa Kiswidi kama nimepotea, na kama ningependa kuingia ndani ninywe kahawa nipate joto. Ndivyo wanavyonasa watu! Nikapaza sauti kwa jina la Yesu. Kizee kikaitikia amina. Nilikimbia hadi kituoni.

Ijumaa, 7 Februari

Nilimweleza Mama Damalie peke yake, kwa siri, nikamwapisha. Kufikia saa sita mchana Stockholm nzima ilikuwa inajua. Ndivyo nilivyopanga. Nilipanga pia watu wamkimbie Mwaura. Hapo mambo yamekwenda upande.

Kenneth, dereva wa basi, alinikuta jukwaani Spånga nikingoja treni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nikadhani amekuja kunipa kura yake. Akaninong'oneza, eti wanaandikisha wapi, na kama Waganda nao hupokewa. Rita wa kwetu kanisani kapiga simu kuuliza kama wanawake wana siku yao. Na Barbara, yule aliyefunga na kukesha mwaka jana dhidi ya Frimasoni duniani kote, amempelekea Mwaura sufuria ya pilau. Pilau! Mimi nilipofanyiwa upasuaji wa goti aliniletea pole tupu.

Wanafiki. Inabidi niwafundishe.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda nikisoma historia. Nimejaa silaha. Mwaka 1738 Papa mwenyewe aliwapiga marufuku Frimasoni: Mkatoliki akijiunga, ametengwa na Kanisa. Viapo vya siri, dini zote kuchanganywa chungu kimoja, hapana! Na mapapa waliomfuata wakarudia yale yale. Nikamsomea Bridget kwa sauti.

Bridget, aliyelelewa Mkatoliki, akaweka pasi chini. Akaniuliza tangu lini namtii Papa, mimi niliyekataa katakata kufungia ndoa kwao. Nikamweleza kwamba vitani mtu huazima silaha popote. Akasema vizuri, basi niazime na rozari. Binti yetu Tracy akaongeza kwa Kiswidi, bila kuinua macho kwenye simu yake, kwamba nimwache Mwaura maana ni mtu poa. Nyumba nzima ya upinzani.

Nimesoma pia mahali kwamba Frimasoni wa hapa Sweden hawapokei mtu asiye Mkristo. Ukurasa huo nimeuruka. Unachanganya.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu, nikitulia.

Ukumbi ulijaa. Kabla ya kura Pasta Sixte alitupa nafasi ya kusema. Mwaura alisema yeye hana mengi, atakayechaguliwa atamsaidia. Maneno ya mtu anayeficha kitu! Nikasimama mimi. Nikaanza na Papa. Mama Damalie akauliza kwa sauti sisi Walokole na Papa wapi na wapi. Nikampita. Nikaja kwenye viapo, giza, glavu nyeupe. Watu wakaanza kutetemeka. Sikumtaja Mwaura kwa jina, nilimwangalia tu, tena kwa muda mrefu. Mwisho nikaleta azimio: Frimasoni yeyote asikanyage ukumbi huu. Wanaokubali wanyoshe mikono!

Wote wakanyosha. Hata Kenneth. Hata Barbara wa pilau. Hata Mwaura mwenyewe, na hapo nilichanganyikiwa kidogo.

Kule nyuma Lorraine alikuwa akimtafsiria Mzee Torsten sikioni. Mzee akainua mkono. Akauliza kwa upole, azimio linaanza lini. Nikamjibu kwa Kiswidi changu bora kabisa kwamba linaanza dakika hii hii!

Akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akatafuta koti lake kwa kupapasa, maana macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akasema yeye ni Frimasoni tangu ujanani, amempenda Yesu miaka yote hiyo, na hapendi kuvunja sheria ya wageni wake. Akainua mkono kuaga. Ile pete! Ule msalaba mwekundu! Wa kwao! Kisha akatoka nje. Theluji ilikuwa inaanguka.

Mwaura akanyanyuka, akamfuata. Mlangoni Pasta akamzuia, akamwomba aeleze. Mwaura akaeleza bila hasira hata kidogo. Ule mkono aliouinua ulikuwa wa kuomba kusema, si wa kukubali. Mzee haoni vizuri, kwa hiyo yeye humsindikiza kila Alhamisi kwa ndugu zake, humbebea boksi la kofia, huvaa suti na glavu kwa heshima ya mzee, halafu humngoja kwenye mkahawa wa jirani akisoma gazeti. Pasta akauliza kama alijua wale ni Frimasoni. Mwaura akasema alijua, na alimwuliza mzee, naye akamjibu kwamba kwao anayeingia sharti awe Mkristo. Basi Mwaura akamwambia, hapo wametushinda, sisi kwetu huingia yeyote anayesikia harufu ya chapati.

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Akatoka. Mama Damalie akachukua chupa ya chai, akatoka. Rita na vikombe. Kenneth akatoka na kiti cha kumkalisha mzee. Halafu wote, mmoja mmoja, wakivaa makoti. Pasta alipopita nilimshika mkono, nikamkumbusha kwamba Frimasoni na kanisa ni maji na mafuta. Akasema yeye pia hapendi mambo ya siri, na atamwambia mzee hivyo usoni, lakini hatamwambia akiwa amemfukuza kwenye ukumbi wake mwenyewe. Na alimwambia! Niliona kwa dirisha, Pasta akirusha mikono, mzee akitikisa kichwa na kujibu, wote wawili wanakunywa chai. Lorraine amenieleza baadaye kwamba mzee alisema wachungaji wenzake wamebishana naye hivyo hivyo maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea kiti.

Bridget alikuwa wa mwisho. Alitoka bila kunitazama. Hapo iliniuma, chini kabisa ya mbavu. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Kura walipigia kule kule nje. Niliona mikono ikipanda kwenye theluji, mingi, na Mwaura akijifuta macho kwa glavu. Nami nikanyosha mkono wangu humu ndani. Niliangalia huku na huku. Hakuna aliyepinga. Katiba yetu inasema mkutano hufanyika ukumbini. Kwa hiyo kisheria nimechaguliwa kwa kauli moja. Nimemweleza Bridget njiani. Alishuka kituo kimoja kabla ya chetu akamalizia kwa miguu.

Jumatano, 12 Februari

Nimetafakari siku tatu na nimeelewa kosa langu. Nilikuwa upande usiofaa! Mtu anayeweza kuketi kwenye theluji na kanisa zima likamfuata ana nguvu ambazo mimi sina. Nitajiunga.

Nilikwenda kwa Mzee Torsten, kwanza kumwomba radhi, maana Bridget aliapa kwamba sitapikiwa mpaka niombe. Mzee alinisamehe kabla sijavua koti. Akanipa kahawa na mikate ya mdalasini. Nikala mitatu, nikamweleza nia yangu. Akacheka hadi akapaliwa. Akaona sicheki. Akasema basi, ili anisimamie, atataka kwanza neno la mwenyekiti wa jumuiya yangu kwamba mimi ni Mkristo mwema. Nikamwambia mwenyekiti, kisheria, ni mimi. Akasema anamaanisha yule wa nje.

Nikapanda treni hadi Skärholmen, kwa Mwaura. Nilijiandaa kwa masimango. Nilijiandaa kunyanyaswa, nilikuwa hata na majibu. Nikamwuliza kama anaweza kumwambia mzee kwamba mimi ni Mkristo mwema.

Akasema ndiyo. Hivyo tu! Hakusita, hakuweka sharti, hakutaja Jumapili hata kidogo. Akasema amenisikia nikiimba besi na mafua kifuani, na hiyo kwake inatosha. Akanimiminia chai, akaniwekea mkono begani akaniombea pale pale. Kwa kitambo nilimpenda yule mtu.

Kisha nikagundua. Mkono aliouweka begani ni wa kushoto! Wa kulia ulikuwa umeshika chupa ya chai, hilo nalijua, lakini si angeweza kuiweka chini? Mtu mwema kiasi hicho, bila sababu, tena kwa mkono wa kushoto?

Kuna jambo. Nimempigia Mama Damalie. Nimemwapisha.