Ukuta wa Kaka Nortey na Maji Yasiyo na Adabu

Akra,
siku ya kwanza kuona jua mwezi huu.

Kwa Kaka Nortey,
Mwenye Jumba, Simba wa Saruji na Maji Yote Yaliyomo,
Rotterdam, Uholanzi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa mahali pakavu. Sisi hatujambo, ila tumelowa. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kuuliza kama simba wako wa saruji pale langoni wameshapakwa rangi ya dhahabu. Wameshapakwa. Mmoja anaonekana kuanzia kidevuni kwenda juu.

Nayaleta malalamiko yangu kwa mpangilio, na kwa heshima zote anazostahili mtu aliyejenga gereji chini ya ardhi mahali ambapo ukichimba shimo la mgomba unapata kisima.

1. Nalalamikia namna ulivyonunua kiwanja. Ulikuja wakati wa Krismasi, upepo mkavu unavuma, vumbi hadi kwenye meno, ukaipiga ardhi teke kwa kiatu chako kipya ukasema, "Hii ni mwamba." Mzee Okpoti, jirani yetu wa upande wa juu, aliziacha redio anazotengeneza akaja mpaka mpakani. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mwanangu, hapo uliposimama ndipo maji ya mtaa mzima hupita yakishuka baharini," alikwambia. "Jenga, hakuna anayekukataza. Lakini yaachie njia. Chimba mtaro pembeni."

Ukamjibu, "Mzee, mimi naishi Uholanzi. Nchi nzima iko chini ya bahari na watu wanalala usingizi. Maji nayajua."

Kaka yangu, huko Uholanzi wewe unafunga maua kwenye makaratasi. Kuzuia bahari ni kazi ya watu wengine.

2. Nalalamikia gereji. Fundi Agbeko alipofikisha shimo kiunoni, maji yalianza kutoka chini, tena jua linawaka. Nilimshikia simu azungumze nawe.

"Bosi, shimo linatoa maji lenyewe."

"Chota!"

"Tumechota tangu asubuhi, bosi. Yanarudi."

"Basi mwageni zege haraka kabla hayajarudi!"

Ndivyo ilivyofanyika. Tuliyafunika maji yakiwa bado yanapumua. Nilikusihi tuzungushie msingi kokoto na bomba lenye matundu, ili maji ya ardhini yapate pa kutokea. Ukaniambia kwamba bomba wageni hawataliona, simba watawaona. Ni kweli. Bomba hakuna aliyeliona.

3. Nalalamikia ukuta. Hakuna ukuta mrefu kama ule kuanzia barabara kuu hadi bondeni, na umekata njia ya maji kutoka pembe hadi pembe. Agbeko alikuuliza kama aache matundu machache pale chini. "Matundu ya nini? Nyoka wapite?" ukasema. Nakuhakikishia kwamba nyoka hawakupita. Wamekwama upande wa Mzee Okpoti pamoja na vitu vingine vyote.

4. Sasa nakuja kwenye sherehe ya kuzindua nyumba, ambayo uliitazama kwenye simu mpaka ulipoona haikupendezi.

Mama alivaa nguo nyeupe. Madonge ya kenkey ya mahindi yalikuwa yamepangwa mezani, samaki wamekaangwa, pilipili imesagwa. Kwa agizo lako wageni wa heshima waliegesha magari kwenye gereji, wa kwanza wao akiwa Mchungaji. Akasimama kwenye ngazi, akafumba macho, akaomba: "Bwana, miminia nyumba hii baraka zako, zimwagike!" Mvua ikaanza kabla watu hawajaitikia amina.

Maji yalishuka kutoka juu kama kawaida yao, yakaukuta ukuta wako, yakasimama. Kisha yakageuka, yakaingia kwa Mzee Okpoti. Chini ya miguu yetu sakafu ya gereji ikapasuka na maji uliyoyafunika yakapanda kudai haki yao. Magari yakaanza kulia honi yenyewe kwa yenyewe. Mchungaji akafumbua macho. "Bwana, zinatosha," akasema, akakimbia kutafuta funguo. Gari lake lilikuwa linaogelea taratibu, likigongana na la mzee wa kanisa.

Hapo ndipo tukasikia sauti ya Mzee Okpoti ng'ambo ya ukuta.

"Ayeley! Vunjeni ukuta! Mama Momo yuko kitandani!"

Unajua Mama Momo, mke wa Mzee Okpoti, hatembei tangu alipopooza. Nilikupigia. Naandika maneno yako kama ulivyoyasema, usije ukakana.

"Kaka, tuvunje ukuta?"

"Nitumie picha kwanza."

"Kaka, kuna mgonjwa upande wa pili!"

"Ukuta usiguswe, Ayeley. Plasta yake bado mbichi."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. "Nortey," akasema, "tumbo lililokuzaa linaona haya." Akakata. Halafu akakimwaga chakula chote chini, akashika mguu mmoja wa meza na kuwaambia wanaume washike mingine. Agbeko na wenzake wakapanda ukuta kwa ngazi, wakaishusha meza upande wa pili. Wakampitisha Mama Momo juu ya ukuta wako amelala kwenye meza ya sherehe, Mzee Okpoti nyuma yake, maji kifuani, ameinua juu ya kichwa viatu vya mkewe. Mama huyu hajavaa viatu miaka na miaka.

Walipofika juu, tukasikia chumba chao cha kulala kikianguka.

5. Nalalamikia adabu ya Mzee Okpoti. Yeye na mkewe wanalala kwenye kitanda chako kikubwa, kile chenye taa pembeni. Nilitegemea atatutukana. Angetukana ningepumua. Badala yake ananishukuru kwa chai. Kila asubuhi anasimama kwenye roshani yako, anatazama nyumba yake ndani ya ziwa, anamwambia mkewe, "Leo dirisha limeonekana." Kaka, siwezi kuishi na mtu wa namna hiyo.

6. Kwa hiyo natoa amri, nikiwa mdogo wako: ukuta utobolewe sehemu mbili, mtaro mpana upite pembeni mwa kiwanja na kushuka upande wa bondeni, gereji ijazwe mawe na kusahauliwa, na chumba cha Mzee Okpoti kijengwe upya kabla ya kitu kingine chochote. Maji yana haki ya kupita. Yalikuwepo kabla yako na hayajawahi kuomba viza. Ukikataa nitautoboa mwenyewe. Nyundo kubwa nimeshaazima, iko chini ya ngazi, na mtu anayezuia maji ili jirani yake azame sitamwita ndugu yangu tena.

Msalimie wifi na watoto. Wasalimie wote unaofunga nao maua. Mama naye anakusalimu, ingawa maneno aliyotumia yeye ni mengine.

Ni mimi mdogo wako, niliyelowa hadi magotini ila dhamiri ni kavu,
Ayeley.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi: Kaka, barua ilikuwa bado haijafungwa nilipoitwa kwenda kuona kiwanja kilicho upande wa chini wa ukuta wako, kile cha bondeni ambacho siku zote kilikuwa tope tupu. Nimekitembea chote kwa ndala. Tangu ukuta wako usimame, tone halijavuka. Kimekauka hadi ndala hazizami. Mwenye kiwanja alikuwa amekata tamaa nacho, wala hajapita huko tangu mvua zianze. Nimekinunua leo mchana, kwa bei ya tope. Kwa hiyo, lile la namba sita liache kwanza. Nyundo nimeirudisha. Agbeko anasema ukuta unaweza kubeba safu mbili zaidi za tofali bila shida, nami nimemruhusu aanze. Mzee Okpoti ameniuliza tena jioni hii lini tutaufungua. Nimemwambia tunasubiri jibu lako. Tafadhali, usijibu.