Sampuli ya Mama Vifungo

Mkurugenzi hakuongoza kitu chochote duniani zaidi ya viatu vyake, lakini vilikuwa viatu vinavyong'aa, na mjini hiyo ni nusu ya cheo. Alipeleka suruali ipunguzwe kiuno, akamkuta Mama Vifungo, fundi cherehani, akitumbukiza noti za siku kwenye kopo la biskuti. Kopo lilikuwa limeshiba. Suruali ikasahaulika papo hapo.

"Shikamoo mama. Humo mna ngapi?"

Mtu mwenye akili hasemi. Mama Vifungo akasema, tena kwa sauti: "Laki sita, mwanangu. Miaka mitatu najinyima. Nataka cherehani ya umeme, hii ya miguu imenimaliza magoti."

"Laki sita zimelala gizani!" Mkurugenzi akashika kichwa. "Mama, pesa ni mfanyakazi. Nikabidhi mimi, siku saba tu, zinarudi mara mbili. Wewe unakunja miguu, zenyewe ndizo zinatoka jasho."

"Zinafanya kazi gani hasa?"

"Zinazunguka."

"Wapi?"

"Kwenye mzunguko, mama."

Hapo somo la fedha likawa limekamilika.

Mama Vifungo akatoa pini mdomoni. "Mimi fundi. Mteja mgeni haniachii kitambaa cha suti. Kwanza ananipa kipande, aone mkono wangu. Chukua elfu kumi, nishonee sampuli."

Siku ya saba Mkurugenzi akaleta elfu ishirini, kumi zikiwa za mfukoni mwake. Hakuumia. Chambo kina gharama zake.

"Mshono umenyooka," Mama akasifu. "Sasa tunajaribisha. Nguo haimaliziwi kabla mteja hajaivaa. Chukua elfu themanini."

Safari hii mambo yalimkaba. Aliuza simu, akauza koti, akamwapia dada yake kwamba anaumwa figo, zote mbili. Siku ya saba akatokea na shati tupu na laki moja na sitini, akicheka peke yake. Kesho laki sita zingekuwa zake, na tiketi ya basi alishakata.

Mama akazihesabu, akazitia koponi, akafunika. "Mungu akubariki, mwanangu. Imetosha."

"Imetosha vipi? Bado nguo yenyewe!"

"Cherehani inauzwa laki sita na tisini. Nilipungukiwa tisini. Mimi si mlafi."

Mkurugenzi akafungua mdomo kuita mwizi, akaufunga. Aende kituoni akashtaki nini? Kwamba aliahidi faida na, kwa bahati mbaya, ameilipa? Hakuna tapeli mjini aliyewahi kupatwa na aibu hiyo: kutimiza ahadi, mara mbili, tena kwa wakati.

"Nirudishie hata nusu, mama. Dada ataniua!"

Nakiri nilimwonea huruma kidogo. Mama naye alimwonea, maana alimsogezea kigoda na bakuli la vifungo. "Keti. Elfu tatu kwa siku, asubuhi mpaka jioni. Siku thelathini tisini yako imerudi yote."

"Thelathini! Hakuna njia ya haraka?"

"Ipo." Mama akatunga uzi kwenye sindano, akampa. "Kila ukilipwa, mshahara niachie mimi siku saba."

Mkurugenzi akaipokea sindano, akaanza kushona.