Mwekezaji wa Ghala Namba Nne

Asubuhi ile halmashauri ya jiji ilibandika matangazo mawili kwenye nguzo moja. La kwanza liliwapa mafundi cherehani wote wa barazani siku thelathini wawe wameondoka, kwa kuwa walikuwa wakiharibu sura ya jiji mbele ya wawekezaji. La pili liliwaita wawekezaji wenyewe: kampuni yoyote kubwa itakayokuja kuajiri watu ingepewa jengo bure, pamoja na msamaha wa kodi wa hadi miaka kumi. Yote mawili yalikuwa na mhuri mmoja na sahihi ya ofisa mmoja, na gundi ilikuwa bado mbichi.

Mafundi walisoma la kwanza wakashika vichwa. Kalamu Mbili alisoma la pili akashika kidevu.

Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu hakuonekana bila kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Alikuwa mtu mwenye heshima zake. Hakuwahi kuiba hata sindano. Watu walimpa wenyewe. Kuna mwenye hoteli mmoja aliwahi kuuziwa na Kalamu Mbili nafasi ya kuegesha magari iliyokuwa mbele ya hoteli yake mwenyewe, na akamshukuru kwa kumpunguzia bei.

Mtu huyu mkubwa alilala chumba cha nyuma kwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka sita. Mama mdogo alishona sare za shule pale barazani kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha mafundi wale, watu ishirini na wawili, ambao kila siku ya Mungu walilipa ushuru wa meza, mvua inyeshe au isinyeshe, wateja waje au wasije. Msamaha waliowahi kupewa ni ule wa kuombwa radhi na mkusanya ushuru alipomwagia chai kitambaa cha mtu.

"Mwanangu," mama mdogo alimwambia siku hiyo, "wewe unajua kuongea na wakubwa. Kawaombe watuongezee hata miezi miwili."

"Kwa wakubwa hakuombwi, mama mdogo. Ukiomba wanakuona mdogo. Unakaa, unawaacha wakuombe wao."

Mama mdogo akarudi kwenye mshono wake, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa habari za hali ya hewa.

Ukweli usemwe: Kalamu Mbili hakuwa akiwafikiria mafundi. Alikuwa akimfikiria tajiri wa saruji wa mtaa wa pili, ambaye aliichukia kodi hata akawa anavuka barabara ili asipite mbele ya ofisi ya kodi. Tajiri huyo, akionyeshwa cheti cha miaka kumi bila kodi, angekinunua hata kama kimeandikwa kwa jina la kampuni ya kufuga nyuki.

Siku ya tatu, Kampuni ya Kimataifa ya Mavazi na Mustakabali, yaani Kalamu Mbili peke yake, ilipanda ngazi za halmashauri ikiwa imevaa suti ya bwana harusi fulani, ambaye alikuwa bado hajaja kuichukua kwa fundi. Ofisini kwa meya kulikuwa na zulia la kijani, feni ya kivivu, na picha ya meya mwenyewe alipokuwa mwembamba.

Meya alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Jiji la ng'ambo ya mto lilikuwa limempata mwenye kiwanda cha soda kwa kumsamehe kodi miaka minane, na meya wa kule akaonekana kwenye televisheni akikata utepe. Tangu siku hiyo meya wetu hakunywa soda. Hata hivyo alijaribu kubana: akasema ataanza na miaka mitatu, halafu wataona.

Hapo simu ya Kalamu Mbili ikaita. Alikuwa mama mdogo.

"Uzi mweusi umeniishia," alisema. "Ukipita dukani niletee."

"Shikamoo, mheshimiwa," Kalamu Mbili akajibu, huku akimtazama meya kwa macho ya kuomba radhi. "Umesema minane?"

"Minane nini? Nyuzi mbili zinatosha."

"Na mbili za nyongeza. Kumi. Nimekusikia."

"Wewe umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Hapana, mheshimiwa, usisumbuke kutuma gari. Jioni nitavuka mto mwenyewe."

Meya aliinuka, akafunga mlango kwa mkono wake, jambo ambalo hakulifanya tangu achaguliwe. "Kumi," akasema. "Na ghala namba nne, bure. Ila mto usivuke."

Kulikuwa na masharti, na masharti yalikuwa mikononi mwa ofisa uwekezaji, bwana mwembamba aliyebeba faili kifuani kama mtoto mchanga. Kampuni iwe na wakurugenzi wasiopungua wanne. Iwe na katiba. Na kabla ya wiki mbili kwisha, wakaguzi wawakute wafanyakazi ishirini kazini, kwa macho yao.

Wafanyakazi ishirini Kalamu Mbili alijua wako wapi. Walikuwa wanasubiri kufukuzwa. Wakurugenzi nao hawakumsumbua. Alijiweka yeye mwenyewe kama mkurugenzi mtendaji, akamweka mama mdogo, akamweka Mama Pacha, fundi wa magauni aliyekuwa katibu wa chama, na akamalizia na Bibi Vifungo, aliyeshona vifungo tu na hakupenda maneno mengi. Aliwaambia ni majina ya kujaza fomu.

Ikabaki katiba. Wanasheria wanataka pesa kabla ya kufungua mdomo, na muda ulikuwa mfupi. Lakini chama cha mafundi kilikuwa na katiba yake, imeandikwa, imepigwa chapa, imesainiwa, imefunikwa nailoni isilowe. Kalamu Mbili aliiazima, akaipeleka kwa mpiga chapa, akaagiza kila palipoandikwa "chama" paandikwe "kampuni", na palipoandikwa "mwanachama" paandikwe "mkurugenzi". Kuisoma hakuisoma. Mtu anayeishi kwa watu kutosoma wanachosaini huona aibu kusoma.

Ndivyo Kampuni ya Kimataifa ya Mavazi na Mustakabali ilivyopata kifungu kinachosema kwamba mkurugenzi akijifungua, kampuni itamtembelea na sabuni. Ofisa uwekezaji alikisoma mara mbili, akakipigia mstari. Alisema hajaona kampuni ya nje inayojali wafanyakazi namna hiyo.

Siku ya ukaguzi mafundi walihamia ghalani na vyerehani vyao vyote. Kalamu Mbili alikuwa amewaahidi posho ya siku moja, na akawaonya wasicheke. Hawakucheka, walikuwa na sare za shule tatu za kumaliza, na kazi ni kazi. Meya aliposikia vyerehani ishirini na viwili vikinguruma kwa pamoja, alitoa leso. Alimuuliza Bibi Vifungo ametokea nchi gani. Bibi Vifungo akamjibu kwamba yeye hukaa nyuma ya soko, na meya akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia ofisa aandike kwamba wageni wameshaanza kupanga nyumba za wenyeji.

Cheti kikatolewa jioni hiyo hiyo, kina nembo, kina utepe.

Siku ya pili ilinyesha. Kalamu Mbili alikwenda ghalani kuwaambia mafundi kwamba mchezo umekwisha, wahame, akawakuta wamefagia, wamefungua madirisha ya juu yaliyokuwa yamekwama kwa kutu, na wanashona. Mama mdogo alikuwa karibu na ukuta, kitambaa cheupe kimetandazwa wazi mbele yake. Kwa miaka kumi na tisa, tone la kwanza lilikuwa likimfanya aruke na nailoni. Sasa mvua ilikuwa inapiga bati, na yeye anashona tu, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Kalamu Mbili alisimama mlangoni muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akakohoa, akawaambia ukweli, au kipande cha ukweli kilichomfaa: Ijumaa jengo linachukuliwa na tajiri wa saruji, pamoja na cheti chake, na kila mmoja atapewa posho yake na kitu kidogo juu.

"Na siku thelathini zetu za barazani?" akauliza mama mdogo.

"Zimebaki kumi na tatu."

"Halafu?"

Kalamu Mbili alitazama saa yake, akasema tajiri anamsubiri.

Tajiri wa saruji alikuwa amekwisha kudanganywa mara nyingi na watu wadogo kuliko Kalamu Mbili, kwa hiyo hakutaka maneno. Alitaka kumbukumbu za mkutano wa wakurugenzi, zilizosainiwa na wote, zikisema wamekubali kuuza. Kalamu Mbili aliona hilo ni jepesi kama kumeza mate. Akaitisha mkutano Ijumaa saa nane mchana, pale pale ghalani, na tajiri aje na mkoba wake.

Sasa, mtu anaweza kujua hila zote za mjini na asijue kitu kimoja: wanawake waliokutana kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa, wakasoma kumbukumbu, wakahesabu akidi, wakagombana juu ya ajenda na kupiga kura kwa kunyoosha mikono, hawaitwi kwenye mkutano kwa mchezo. Ukiwaitisha mkutano, wanakutana.

Kalamu Mbili aliingia saa nane na dakika ishirini, kwa sababu watu wakubwa huchelewa. Tajiri alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba magotini. Wakurugenzi watatu walikuwa mezani na Mama Pacha alikuwa anaandika.

"Mjumbe amefika akiwa amechelewa dakika ishirini," Mama Pacha alisema bila kuinua macho. "Faini."

Kalamu Mbili alicheka. Ili kumpendeza tajiri, alilipa faini kwa madaha, akaomba na risiti. Akapewa. Kisha akaeleza ajenda ya kuuza, kwa ufasaha ambao ulimfanya hata tajiri alegeze mikono kwenye mkoba.

"Asante," mama mdogo akasema. "Tupige kura. Wanaokubali tuuze?"

Mkono mmoja ukanyooka, wenye saa kubwa.

"Huo hauhesabiwi," akasema Mama Pacha. "Kifungu cha saba. Anayechelewa zaidi ya robo saa atalipa faini na hatapiga kura siku hiyo. Faini amelipa, risiti anayo."

"Kifungu cha saba cha nini?"

"Cha katiba ya kampuni. Si wewe uliyeipeleka halmashauri?"

Bibi Vifungo alimsogezea nakala yenye mhuri wa ofisa uwekezaji. Kalamu Mbili akasoma, kwa mara ya kwanza, karatasi aliyoiandikisha yeye mwenyewe. Kifungu cha tisa kilisema mali haiuzwi ila wakurugenzi wote wakubali. Cha kumi na moja kilisema kiongozi huweza kuvuliwa cheo kwa kura za walio wengi. Cha kumi na moja ndicho kilichokuwa kinafuata kwenye ajenda.

Tajiri wa saruji aliinuka, akaupapasa mkoba wake kama mtu anayehakikisha mtoto bado yupo, akatoka bila kuaga.

"Nitakwenda halmashauri," Kalamu Mbili alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua urefu. "Nitawaambia kampuni hii ni ya uongo."

"Waambie," akasema mama mdogo. "Waje. Watakuta vyerehani ishirini na viwili na watu ishirini na wawili wanashona nguo. Uongo watauona wapi?"

Kalamu Mbili akasogea karibu na meza.

"Mama mdogo, mimi ni mwanao."

"Ni mwanangu. Chakula chako kipo kwenye sufuria, nyumbani. Lakini kura ni kura." Akawageukia wenzake. "Wanaokubali avuliwe ukurugenzi mtendaji?"

Mikono mitatu. Wa mama mdogo ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda.

Kwenye Mengineyo, Bibi Vifungo aliomba kusema, na watu wakashangaa. Alisema kijana ana ulimi, na ulimi ni kipaji. Ni dhambi kuuacha ukae bure huku kampuni haina mtu wa kuwaandikia wakubwa barua. Ikapitishwa bila kupingwa. Kalamu Mbili akawa karani, kwa majaribio, na akanunuliwa kalamu ya tatu.

Alikaa. Wengine husema alikosa nauli ya kukimbilia. Mimi nadhani ni ile mvua ya juu ya bati. Miezi mitatu ikapita, siku thelathini za barazani zikaisha, baraza likapakwa rangi na kuwekewa maua, na ikafika zamu ya kuandika taarifa ambayo kila kampuni iliyosamehewa kodi hutakiwa kuipeleka. Aliandika kwanza kwamba kampuni ina wafanyakazi mia mbili. Mama mdogo akamrudishia. Akaandika mia moja. Akarudishiwa. Mara ya tatu alitoa jasho, akaandika mambo yalivyo: kwamba wako ishirini na wawili, kwamba ni wale wale waliokuwa wakishona barazani, na kwamba hakuna aliyeletwa kutoka popote.

Ilikuwa barua ya kweli ya kwanza maishani mwake. Aliipeleka mwenyewe, kwa mguu, akiwa na hofu kama ya mtu aliyebeba mayai.

Ikarudi baada ya wiki moja. Pembeni, kwa wino mwekundu, ofisa uwekezaji alikuwa ameandika: "Taarifa hii haiaminiki. Mafundi hao halmashauri ilishawaondoa. Tafadhali leteni ya kweli."

Kalamu Mbili alimpelekea mama yake mdogo. Mama mdogo akasimamisha cherehani, akavaa miwani, akasoma hadi mwisho, kisha akaivua.

"Wadanganye basi," akasema. "Lakini kidogo."