Trekta Langu Limeachwa Nje ya Orodha

Durk Hoekema,
Njia ya Mfereji, nje ya mji wa Sneek,
Friesland.
14 Mei

Kwako Ndugu Mhariri wa jarida la Nyumba Magurudumuni,

YAH: MAKALA YENU "GARI LIPI LIVUTE KARAVANI YAKO YA KWANZA?"

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoandika pamoja. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo si kosa la jarida lenu. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika sana.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, au nilikuwa, mpaka Novemba iliyopita nilipouza ng'ombe wote sitini na wawili kwa ajili ya huo mgongo, na kwa kuwa binti yetu Nynke ni daktari wa meno na zizi halitaki. Mke wangu anaitwa Baukje. Tuna miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Fungate yetu ilidumu muda wa saa tisa, kati ya kukamua asubuhi na kukamua jioni, na nyingi kati ya hizo tulikuwa njiani. Tangu siku ile hatujalala nje ya nyumba yetu hata mara moja.

Mwezi Februari Baukje alikwenda kumjulia hali mjane mmoja wa Joure, akarudi na habari kwamba amenunua karavani ya marehemu. Kaka yake, shemeji yangu Harmen, akaileta kwa gari lake na kuiacha uani: nyumba ndogo ya rangi ya chai ya maziwa, yenye mapazia ya kahawia, vitanda viwili na jiko la kutosha chungu kimoja. Nikauliza ni ya nini. Baukje akajibu, "Ya Ufaransa," akaingia ndani.

Gari letu ni dogo, haliruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo mia saba. Karavani ina kilo elfu moja mia moja hamsini. Basi Baukje akanunua jarida lenu, akalifungua ukurasa wa ishirini na mbili, akaliweka kando ya sahani yangu. "Soma," alisema. "Wewe umevuta vitu maisha yako yote. Tuchagulie gari."

Nimesoma mara tatu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmetaja magari kumi na manne, na trekta halimo. Mmeandika kwamba kwa mtu anayeanza, karavani isizidi asilimia themanini na tano ya uzito wa gari. Trekta langu lina kilo elfu nne na mia mbili, kwa hiyo karavani kwake ni asilimia ishirini na saba. Mmeandika gari liwe na nguvu ya kupanda milima. Trekta langu lilishawahi kulitoa mtaroni lori la viazi vya kutengenezea sukari, Harmen akiwa ndani yake anapiga kelele. Mmeandika dereva aone mbali. Mimi nikikaa pale juu naona majirani wanakula nini. Kwa vipimo vyenu wenyewe trekta limeongoza darasa, halafu jina lake halikusomwa. Naomba kujua nani alilifuta.

2. Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilikwenda kuyaona magari yenu vilevile. Tulifika kwa muuzaji mmoja wa Leeuwarden, bwana wa makamo mwenye viatu vilivyochongoka. Akaniuliza, "Mzee Hoekema, unavuta kilo ngapi?" Nikamwambia. "Hizo ni za karavani tupu," akasema. "Na mizigo je?" Hapo Baukje akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kusoma: mashuka, masufuria, viti viwili, meza, viazi kilo arobaini.

"Mama," akasema yule bwana, "Ufaransa viazi vipo."

"Najua vipo," Baukje akamjibu, "lakini sivijui."

Tukapewa gari refu jeusi tulijaribu. Sikatai kwamba lilikuwa na nguvu. Lakini nilipokaribia mstari mweupe wa barabara, usukani ulitetemeka mkononi kama ndama anayetaka kukimbia. Nikavumilia. Baada ya muda kwenye dashibodi ikawaka picha ya kikombe cha kahawa, na maandishi: PUMZIKA. Ndugu Mhariri, kwa miaka arobaini na mmoja hakuna kiumbe aliyewahi kuniambia nipumzike. Sitakubali kuanza kuambiwa na gari. Nililirudisha palepale. Baukje alicheka mpaka Sneek.

3. Gari la umeme. Tulilifungia karavani, tukaenda nayo Heerenveen na kurudi, chaji ikapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Muuzaji akatueleza bila aibu kwamba tukienda mbali tutasimama kila baada ya kilomita mia na hamsini, pengine na kuifungua karavani kwanza ndipo tuchaji. "Vizuri," Baukje akasema, "tutakunywa chai huku tunatazama watu." Mimi safari ya kutazama watu siielewi. Watu wapo Sneek.

4. Kwa hiyo Jumapili ya pili ya Aprili nilifanya lile ambalo ninyi mlipaswa kulifanya kabla ya kuandika. Niliifunga karavani nyuma ya trekta, nikaivuta hadi Lemmer kwa dada yake Baukje. Baukje alikubali kuja baada ya kunitazama kwa muda mrefu. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha pembeni, amevaa koti lake la kanisani, mkoba mapajani.

Trekta lilivuta vizuri mno. Sikuhisi hata kama kuna kitu nyuma. Kasoro zilizojitokeza si za trekta, ila nazitaja nisionekane naficha. Nyuma yetu palikuwa na msururu wa magari. Baukje aliyahesabu kwenye kioo, akafika thelathini na moja, akaacha. Dereva mmoja alipopata nafasi ya kutupita alishusha kioo akapaza sauti, "Mzee, hiyo nyumba unaihamisha au unaizika?" Kisha bibi mmoja mwenye baiskeli, wa umri wangu au zaidi, akatupita upande wa mfereji. Akatusalimia vizuri. Baukje akamjibu vizuri. Mimi nilikuwa natazama mbele.

Tulipofika Lemmer na kufungua mlango wa karavani, makabati yote yalikuwa wazi. Vikombe sita vya marehemu wa Joure vilikuwa vipande, na chupa ya bitiruti nyekundu za siki ilikuwa imepasukia kwenye godoro, hata dada yake Baukje akashika kifua akidhani ndani mmechinjwa mtu. Sababu ni kwamba trekta halina springi nyuma. Lakini hili ni kosa la watengeneza karavani, ambao kwa miaka yote hii hawakufikiria kwamba mtu anaweza kuwa na trekta. Jarida lenu mngewaambia mapema.

5. Kutokana na hayo naomba yafuatayo, na nadhani hakuna lililozidi kiasi. Mchapishe orodha mpya, trekta likiwa la kwanza. Muwaandikie wakubwa wa serikali ili matrekta yaruhusiwe kwenye barabara kuu. Ikionekana tunawachelewesha wengine kwa kilomita zetu arobaini kwa saa, basi dawa ni wao wapunguze mwendo, maana ni rahisi gari kwenda polepole kuliko trekta kwenda mbio. Ubelgiji na Luxemburg nao waelezwe, kwa kuwa tutapita kwao. Nimepiga hesabu: kwa njia za mashambani tutafika Ufaransa siku ya tano. Kama siku tano ni nyingi kwa wasomaji wenu, jarida litafute sehemu ya Ufaransa iliyo karibu zaidi.

6. Hili la sita nilitaka kuliacha, lakini Baukje ananijua, na ataniuliza kama nimeliandika.

Tuliporudi kutoka Lemmer hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitoa godoro nje, akaanza kulisugua kwa sabuni, mimi nikamshikia ndoo. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Durk, unaogopa nini?"

Nikamwambia siogopi kitu. "Ila sisi tukienda, nani ataangalia?"

"Aangalie nini?"

Nikafungua mdomo. Ndugu Mhariri, nilikuwa na hakika kwamba jibu ninalo. Nikageuka nikalitazama zizi. Nimelifagia kila siku tangu Novemba. Saa kumi na moja alfajiri huwa nimesimama pale mlangoni, nimevaa buti, taa nimeziwasha, na hakuna anayenigeukia.

"Hakuna ng'ombe, baba," akasema taratibu. "Wameondoka. Tumebaki mimi na wewe. Mimi nina miaka sitini na minne na milima nimeiona kwenye kalenda."

Sasa nasema wazi, kwa kuwa ninyi ndio wataalamu. Mmeandika mtu achague gari kulingana na mahali anakotaka kwenda. Hamkuandika la kuchagua kwa mtu ambaye hajui kama anataka kwenda. Faida kubwa ya trekta, ambayo sijamwambia Baukje, ni kwamba usiku wa kwanza tutalala hapahapa karibu, na mtu akipata wasiwasi anaweza kugeuza akawa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kwa magari yenu kumi na manne, mtu akishtuka yuko ng'ambo. Hiyo ni hatari, na hamkuwaonya wasomaji.

Nangoja majibu yenu kwa maandishi. Mpaka yatakapofika karavani itabaki uani, na mimi nitabaki msomaji wenu asiyeridhika.

Nisalimie mwenye kuchora picha za jarida, kazi yake ni safi. Nisalimie mchapaji, mpeleka barua na wote wa nyumbani kwako. Baukje angewasalimu pia, ila yuko uani na Harmen tangu asubuhi, wanafanya nini sijui, nasikia tu mlio wa injini.

Wako katika haki za matrekta,
D. Hoekema

TANBIHI. 3 Juni. Ndugu Mhariri, barua uliyomaliza kuisoma haikutumwa siku ile, na sasa naomba usiifuate hata neno moja.

Nilipotoka na bahasha mkononi nilikuta uani gari la kijivu, la miaka sita, lenye ndoano ya kuvutia nyuma. Ni la saba kwenye orodha yenu. Baukje na Harmen walikuwa wamelichagua wenyewe, wakipima uzito kwa jarida lenu. Yeye alikuwa kwenye usukani, anairudisha karavani nyuma kati ya ghala na tangi la maziwa, kwa nafasi ambayo mimi kwa trekta nisingejaribu. Kumbe alikuwa anajifunza kila Alhamisi, siku aliyoniambia anakwenda kwaya. Akasimamisha mbele yangu, akashusha kioo. "Jumatatu saa nne asubuhi naondoka," akasema. "Kiti hiki ni chako. Usipokikalia nampakia dada yangu, na unajua anavyoongea."

Nilijipanga kumwambia mengi. Jumatatu saa nne kasorobo nilikuwa nimeshafunga mkanda.

Nakuandikia kutoka milima ya Jura, Ufaransa. Ile njia ya mwisho ilipanda na kujikunja karibu saa nzima, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Karavani ilitufuata bila kuyumba. Tulipofika juu nikasema, "Linavuta vizuri." Baukje akaniambia hakusikia. Nikarudia. Akaniambia bado hakusikia, akaegesha, akazima injini, ikabidi niseme mara ya tatu. Kisha alishuka akasimama mbele ya hiyo milima mikono kiunoni, kwa muda mrefu, nikaenda nikasimama pembeni yake.

Bahasha aliikuta kwenye mfuko wa koti langu akitafuta miwani. Amesoma yote, hata la sita. Nilitaka kuichana, akasema itumwe kama ilivyo, kwa kuwa yeye ndiye dereva.

Kwa hiyo orodha iacheni kama ilivyo, na wakubwa wa Ubelgiji msiwasumbue. Nina swali moja tu dogo: je, toleo lijalo mtaandika kuhusu Uhispania? Tulipaswa kurudi Jumamosi. Leo ni Jumanne, na aliyeomba tubaki ni mimi.