Geji Thelathini na Mbili

Jumapili, 2 Machi 2025

Jana saa kumi jioni mvua ya mawe. Mawe makubwa kama ngogwe! Robo saa tu, halafu jua likatoka kama halijaona kitu. Mtaa wetu huu wa pembeni mwa Katesh umetobolewa wote. Bati za watu zimebaki kama chekeche. Za kwangu hata moja haikutoboka. Ni bati za marehemu mume wangu, za zamani, nzito, kila moja iliinuliwa na wanaume wawili. Sijui ni geji ngapi, ile namba ya unene. Lazima arobaini.

Leo baada ya misa, furaha. Mwalimu Ernestina, yule aliyehamia kutoka Bukoba, paa lake limekwisha kabisa. Nyumba kajijengea mwenyewe kwa miaka minne, kidogo kidogo. Mbele ya watu wote akamwita Letisia, binti yangu, akamwambia kazi ni yako, mwanangu. Letisia! Mwanamke pekee anayepaua nyumba hapa kwetu! Nikatoa cheti chake cha ufundi kwenye mkoba nikawaonyesha wote waliokuwa karibu. Natembea na kopi.

Katekista akasema na kigango kinatafuta fundi wa kupaua chekechea. Kamati itaangalia kwanza kazi ya kwa Mwalimu. Ikiwa nzuri, chekechea atapewa Letisia. Ikiwa mbaya, atapewa Theodory, aliyepaua mtaa huu miaka ishirini.

Eva, mke wa Theodory, anapakana uzio na mimi, na Mwalimu pia. Akasema kwa sauti ya kufika sakristia kwamba haya, tutaona, kenchi ya paa haipandwi kwa gauni. Nikamjibu Letisia anapanda na suruali, na suruali nimemshona mimi. Watu wakacheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Jumatatu, 3 Machi

Letisia juu ya paa tangu asubuhi, anabandua bati mbovu na kunyoosha kenchi zilizopinda. Nikakaa chini namwangalia. Uzuri wake! Anang'oa msumari kama anang'oa njugu.

Akaniomba nimpelekee Yakubu wa duka la vifaa karatasi yake. Akasisitiza, mama, mpe tu karatasi. Nikaisoma njiani. Bati geji 28, vipande arobaini.

Ishirini na nane! Nikasimama katikati ya barabara, bodaboda akanipigia honi. Mimi nimeishia darasa la saba lakini namba nazijua. Kwa Yakubu pameandikwa ukutani, zipo mpaka thelathini na mbili. Mtoto wangu ana huruma, anawapunguzia watu. Ndivyo nilivyomlea. Lakini kazi ya kwanza, macho ya Eva yote yako pale, tuweke ishirini na nane? Nikaazima kalamu kwa muuza vocha. Nikakata 28, nikaandika 32. Kwa mwandiko wangu mzuri, ile mbili yenye mkia.

Yakubu akasoma mara mbili. Akauliza kama ni Letisia aliyebadilisha. Nikamwambia mimi na Letisia ni kitu kimoja, nilimbeba miezi tisa. Akaanza, mama, unajua hii geji ni kwamba. Nikamkatiza. Nikamwambia baba, sikuja shule, nimekuja dukani. Maskini, swaumu ndiyo kwanza imeanza, hata maneno yanamtoka kwa shida.

Na bei ikawa ndogo kuliko ya ishirini na nane! Hapo nikajua Yakubu anamheshimu mama wa fundi.

Sijamwambia Letisia. Itakuwa zawadi.

Jumanne, 4 Machi

Letisia kaondoka alfajiri kwenda Dirma, kuna nyumba anamalizia fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa. Atarudi kesho. Kaacha maagizo kwa Tluway, fundi msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu, anayesema maneno kumi kwa siku. Agizo ni moja. Bati zikifika zipangwe ukutani, isipandishwe hata moja mpaka yeye arudi.

Saa tatu guta la matairi matatu likaleta bati kwa Mwalimu. Saa tatu na nusu Eva akatokeza kichwa juu ya uzio. Akauliza fundi wetu yuko wapi, au ameshachoka? Akasema Theodory angekuwa amefika kwenye kofia ya paa sasa hivi.

Ningefanya nini? Nikavaa kilemba, nikachukua kiti na mwavuli, nikaenda kusimamia.

Tluway akakataa. Nikamkumbusha nani alimkandia mke wake miguu alipojifungua yule wa tatu. Akapanda. Akainua bati la kwanza kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Likapepea. Akaliangalia, akaniangalia, akasema mama, hili ni karatasi. Nikamweleza kwamba vitu vya kisasa ndivyo vilivyo, hata simu za zamani zilikuwa nzito kama tofali. Piga msumari, baba.

Saa kumi na moja tumemaliza. Paa linang'aa mpaka Mwalimu Ernestina akaziba macho. Akanikumbatia. Alikuwa analala sebuleni na ndoo tatu, leo anarudi chumbani kwake. Nikamwambia hiyo ni geji thelathini na mbili, mwalimu, wengine wanawekewa ishirini na nane. Nikasema kwa sauti, uzio upate kusikia.

Uzio ulisikia. Eva akacheka sana. Sikuelewa anacheka nini. Wivu una sura nyingi.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nina majivu kwenye paji la uso na ninaandika uongo niliousema nikiwa nayo.

Letisia karudi saa saba. Akaona paa toka kona ya barabara, akasimama. Nikajua furaha imemzidi. Nikamkimbilia, nikamwambia tazama mama yako alivyokusimamia! Akapanda ngazi. Akaweka kidole gumba juu ya bati, akabonyeza. Likaitika ko. Akabonyeza lingine. Ko.

Akashuka taratibu. Akaniuliza, mama, nani kabadilisha geji?

Akanieleza pale pale, kwa sauti ndogo ili Mwalimu asisikie. Kwenye bati namba inakwenda kinyumenyume. Ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Ishirini na nane ndiyo nene. Thelathini na mbili watu wanafunikia banda la kuku, mahali pasipo na mawe.

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Na mdomo ukasema, atakuwa Yakubu. Kafunga, kachanganya.

Sijui yalitoka wapi hayo maneno. Yalitoka yenyewe, yamevaa vizuri.

Letisia akafuta mikono kwenye suruali. Akasema sawa, mama, nitamwona kesho. Jioni hakula. Mimi leo ni siku ya kufunga, nilikula mara mbili kwa hofu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Letisia kaenda kwa Yakubu. Nikashinda nyuma ya nyumba nachambua maharage ambayo yalishachambuliwa. Aliporudi nikauliza Yakubu kasemaje. Akasema Yakubu amekubali inawezekana kosa ni la duka lake. Atazipokea tena bati zote, hata zikiwa na matundu ya misumari.

Amekubali! Mtu ana njaa na kiu, namsingizia, anakubali! Heri angegombana.

Letisia akapanga kubandua kesho asubuhi. Mbingu hazikusubiri kesho. Saa tisa wingu likashuka upande wa mlima, jeusi, lina ukingo mweupe. Mimi na Letisia tukasimama barazani. Likaanza jiwe moja, ko. Halafu mengine. Halafu hatukusikiana tena.

Lilipopita tulikimbia kwa Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, beseni kichwani, amekumbatia madaftari ya darasa la sita. Nyuma yake maji yanashuka sehemu nyingi kama amefungua bomba. Kitanda kimelowa, cherehani imelowa, picha ya mama yake imelowa. Hakututukana. Alimwambia Letisia tu, mwanangu, nilikuamini.

Mwanangu akainamisha kichwa, akasema nisamehe, mwalimu, kazi ni yangu. Hakunitaja. Tluway alikuwepo, naye anajua, hakusema. Siku ile nilimnyamazisha, leo nilitamani aseme.

Katekista akapita na baiskeli. Akapunguza mwendo, akaangalia juu, akaendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema. Alfajiri, Letisia anafunga buti. Nikasema ni mimi, si Yakubu. Nilikata namba yako nikaandika yangu. Nikalia mpaka kamasi.

Akaendelea kufunga buti. Akasema anajua tangu jana. Yakubu aliitoa karatasi kwenye droo, akamwonyesha ile mbili yenye mkia. Halafu akamwomba asiniambie, akasema mama zetu tusiwaaibishe, tuseme ni kosa la duka. Letisia akasema, mimi nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, mama. Nilisubiri jana kutwa.

Afadhali mawe.

Nimemuuza ndama wangu, yule mwenye doa. Bati za geji ishirini na nane zimekwenda kwa Mwalimu, na Mwalimu amehamia kwangu mpaka paa likae. Nimemwambia yote. Akaomba chai. Madaftari tumeyaanika kwenye kamba zangu za nguo, sitini na moja, nayapindua ukurasa kwa ukurasa. Mtoto mmoja kaandika mama yangu ni mkulima hodari. Nikalia tena.

Jioni nikampelekea Yakubu maziwa na viazi vitamu vya futari. Nikamwomba radhi mbele ya wateja. Akaitika vizuri sana, karibu mama, yameisha hayo. Nikamlaumu kidogo tu kwamba Jumatatu angenieleza. Akasema alijaribu. Nikasema angejaribu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Theodory akaingia kwa Mwalimu na ngazi yake begani. Nikajiandaa kwa maneno. Hakuja na maneno. Akamwamkia Mwalimu, akamwuliza Letisia aanzie upande gani. Letisia akasema shikamoo fundi, anza na mashariki. Wakafanya kazi kutwa, yeye, Letisia na Tluway. Bati hizi ziliinuliwa na watu wawili. Niliziangalia zinavyopanda. Nzito! Kama za marehemu mume wangu. Kumbe zake zilikuwa namba ndogo. Miaka yote nimewaambia watu arobaini.

Eva akaleta ugali na mlenda kwa mafundi wote. Nikamshukuru. Akasema usijali, jirani, na kama nina banda la kuku nilifunike kwa zile thelathini na mbili. Nikanyamaza. Mara ya kwanza tangu tupakane.

Jioni katekista akaja. Chekechea amepewa Theodory. Letisia akaitikia, akaenda kuosha nyundo. Anaosha nyundo! Nani anaosha nyundo? Nilijua analia.

Halafu Theodory akamfuata kwenye karo. Nilisikiliza dirishani. Akamwambia kenchi za kwa Mwalimu hajaona zimenyooka hivyo miaka mingi, yeye magoti yamechoka. Kenchi za chekechea afunge Letisia, yeye ataweka bati. Mwanangu akacheka. Nikaketi chini ya dirisha, nikamshukuru Mungu, nikaomba anipe akili.

Jumapili, 9 Machi

Mungu amenipa.

Misani nilikaa nyuma, sikutoa cheti. Niliingiza mkono mkobani mara moja tu. Tuliporudi, Letisia akaandika mahitaji ya kenchi za chekechea, akaiacha karatasi mezani chini ya kikombe. Akanishika mabega, akasema mama, nakupenda, usiguse karatasi hii. Nikaapa. Akaenda na Theodory kupima chekechea.

Sikuigusa. Nilikisogeza kikombe tu.

Mbao mbili kwa nne, vipande sitini.

Nikakaa nikatafakari kama mtu aliyepata somo. Zamani ningesema ni chache, ningeandika mbili kwa sita. Lakini huyo mama alikufa Alhamisi. Wiki hii nimefundishwa na mvua yenyewe. Kwenye ujenzi namba inakwenda kinyumenyume. Ndogo ndiyo imara. Letisia anaijua siri hii, ila nadhani kwa mbao amesahau, kichwa kimejaa, amelia sana mtoto wangu. Na chini ya kenchi hizo watakaa watoto wa chekechea! Nisinyamaze tena. Kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Kwa hiyo karatasi ipo pale pale, safi, sijaitia kalamu. Nimempigia simu tu Shamsia wa mbao. Nimemwambia kesho asubuhi alete mbili kwa mbili. Akauliza, za kenchi, mama? Una hakika? Nikamwambia mwanangu, mimi ndiye mama wa fundi.

Shamsia anasikia vizuri, hana maneno mengi kama Yakubu. Na bei ikashuka tena.