Pumzi Kumi na Nane

Jumatatu, 2 Machi

Niwie radhi, shajara. Tangu Krismasi sijakuandikia. Sababu ni theluji, mgongo na uvivu. Huo wa mwisho sitautaja tena.

Leo pana jambo. Makao yetu ya wazee yatampeleka chuoni Fargo mtu mmoja, mmoja tu, akatoke akiwa muuguzi msajiliwa, daraja la juu ya langu. Mimi ni muuguzi wa vitendo mwenye leseni, mwaka wa thelathini na mbili sasa. Nagawa dawa, nafunga vidonda, napima presha. Mgonjwa mpya siruhusiwi kumtathmini. Hiyo ni kazi ya msajiliwa wetu, msichana aliyezaliwa nikiwa zamuni. Nina miaka hamsini na sita. Nafasi hii ikinipita, nitazikwa na leseni hii hii.

Mpinzani ni Janelle, miaka ishirini na sita, leseni kama yangu. Hupiga mluzi zamu nzima. Ameniambia, "Mzee Orlin, chuo tuachie sisi. Wewe tafuta kiti cha kubembea."  Nimeliweka moyoni.

Jumanne, 3 Machi

Matroni Rasmusson atachagua Ijumaa, kwa mahojiano na barua ya mgonjwa. Nimempelekea bakuli la nyama ya kusaga na viazi vya kuoka. Kumbe ameacha nyama mpaka Pasaka! Janelle amelimaliza, akaulizia chumvi.

Barua nimeahidiwa na Arvid Sletten wa chumba cha tisa. Mkulima wa ngano, miaka tisini na moja, moyo umechoka. Sharti lake: niketi naye dakika kumi kila asubuhi. "Kijana," akasema, "wewe hunipimi, wewe unanipita." Akaongeza kwamba akifa kabla ya Aprili maiti yake italala ghalani mwa kanisa hadi barafu iyeyuke, kama ya baba yake, maana ardhi imeganda kama jiwe, kaburi halichimbiki. Nimecheka. Nimeahidi.

Jumatano, 4 Machi

Dakika kumi nitazitoa wapi? Wagonjwa ishirini na wawili! Kinachokula muda ni kuhesabu pumzi: dakika nzima unakitazama kifua cha mtu, naye asijue, maana akijua hubadilisha. Wauguzi wazoefu tunajua la kufanya. Andika kumi na nane. Nani atabisha?

Hila yangu ni pana zaidi. Nimejaza chati zote kabla sijaingia chumba chochote. Presha na mapigo nimenakili ya jana. Pumzi kumi na nane kila mtu. Dakika arobaini zimepatikana! Nimesoma hesabu za dripu kwa ajili ya mahojiano. Kwa Arvid sikufika. Kesho.

Alhamisi, 5 Machi

Hila imefaulu tena. Nikipita ukumbini Arvid akaniita: "Kijana, barua tayari! Njoo ukae." Nikamwambia kesho, bwana, bila kukosa. Akasema haya, kesho.

Ijumaa, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Makabidhiano ya zamu sikuyahudhuria. Nilikuwa chooni nakariri majibu ya mahojiano. Nikajaza chati saa kumi na mbili asubuhi, nikafunga tai. Saa mbili nikaitwa.

Matroni alikuwa na chati mezani. Akauliza Arvid nilimpima saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili. Akauliza alikuwaje. Nikasema ametulia.

 Kisha akaniambia kwamba Janelle, aliyeshika zamu ya usiku, alimkuta saa kumi na moja alfajiri amekufa, mwili umekwisha kupoa. Jengo zima lilijua. "Pumzi kumi na nane, Orlin," akasema. "Sisi tulio hai hatuna nzuri kama hizo."

Nafasi amepewa Janelle. Hakucheka. Heri angecheka. Mimi nibaki nyumbani. Matroni amepeleka jambo langu kwa bodi ya leseni.

Barua Arvid ameniachia. Mwandiko unatetemeka: "Orlin ni mtu mwema. Amesema atakuja kesho."

Nimeisoma mara nyingi. Nimejifunza. Nasema kweli, nimejifunza.

Jumatatu, 9 Machi
(Naandika Jumapili, kuokoa muda.)

Leo tumemzika Arvid. Ibada ilikuwa nzuri, kahawa nyepesi. Niliketi na binti yake dakika kumi kamili, akanishukuru. Kaburini nilitupa konzi ya udongo laini. Matroni alinishika mkono, uso umekunjuka.

Bodi ikishaamua juu ya leseni yangu, shajara, nitakuandikia. Mstari wake nimekwisha kuuandika hapa chini, kwa penseli.

*Amesamehewa.*